Shangazi Alikuwa Ndani

Stesheni, 12 Februari

Mdogo wangu,

Katika barua zote nilizokuandikia tangu uondoke nyumbani, hii ndiyo iliyonishinda mwanzo wake. Nikuite Mheshimiwa? Nikuite Profesa? Basi nitakuita Wakili, kama tulivyokuita ulipokuwa mdogo, ukimgomea marehemu baba kuosha vyombo mpaka akueleze kwa nini mimi sioshi.

Jana nilikuwa jukwaani nasubiri treni ya mizigo. Redio ya mkata tiketi ilikuwa inajisemea peke yake, mara nikasikia jina lako likitanguliwa na maneno “Mkuu mpya wa Chuo Kikuu, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.” Sijui nini kilinipata. Niliinua bendera ya kijani wakati treni inatakiwa kusimama. Dereva akapiga honi, akapita zake, na saruji ya watu imo ndani. Wakubwa wangu wameniletea onyo la maandishi. Nimelitia kwenye fremu.

Wifi yako alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza tumemwoza nani. Na yule tunayetarajia kumwoza, binti yetu Kiroboto, nimemwonya asipite kwenye korido za kitivo chenu cha sheria akijitangaza kuwa shangazi yake ndiye Mkuu. Amenijibu kwamba hata akiulizwa atakana.

Simu ya hapa ni ya kazi, na fundi wa laini ana masikio marefu, kwa hiyo usiache kuniandikia. Na usiogope hao wakubwa. Hukumwogopa baba, utamwogopa nani? Sisi tulioishia njiani kimasomo tumefika na wewe.

Kaka yako

*

Ofisi ya Mkuu wa Chuo, 27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwenye meza kubwa ajabu. Nikitaka faili lililo ng’ambo ya pili ni lazima niinuke niizunguke. Nadhani walionitangulia walikuwa na mikono mirefu.

Mpiga chapa wangu ni mama mmoja mpole, anasumbuliwa na pumu, na anaijua ofisi hii kuliko mimi. Nilimwomba asiniite Mheshimiwa, aniite Mwalimu tu. Alijitahidi asubuhi moja. Mchana nikawa Mheshimiwa Mwalimu, na hapo ndipo tulipokwama.

Unakumbuka siku yangu ya kwanza kufundisha? Nilipoingia darasani, kijana wa mstari wa mbele aliniambia, “Dada, chaki zimekwisha, hebu tuletee.” Nikatoka, nikazileta, nikaandika jina langu ubaoni. Miaka imepita, nimeandika vitabu, nimekuwa mkuu wa kitivo, nimetoa watu ambao sasa ni mawakili na majaji, lakini nikiingia kwenye chumba cha vikao cha Baraza la Chuo bado naona kuna mtu anatazama kama nimekuja na chaki.

Mwenyekiti wa Baraza ana upole wa paka anayemsubiri panya. Nimemwambia mabweni ya wasichana hayana maji tangu kabla ya mwaka mpya. Wanabeba ndoo ghorofa hadi ghorofa. Akaniambia, “Profesa, wasichana wamezoea ndoo.” Nikamwambia jambo hilo nitalirudisha kila kikao mpaka alichoke. Akacheka. Hanijui.

Kiroboto nilikutana naye ngazini. Akaniamkia, “Shikamoo, Mkuu wa Chuo,” kwa sauti ya askari wa gwaride, akapita. Nilicheka mpaka ofisini.

Mdogo wako

*

Stesheni, 21 Mei

Wakili,

Huku habari zinatufikia vipande vipande, na hakuna kitu kinachochosha roho kama hicho. Abiria mmoja anasema wanafunzi waliteka jengo la utawala kwa sababu ya maji. Mwingine anasema walilichoma moto. Redio inasema “vurugu.” Wewe umeandika mistari miwili kusema u mzima. Nashukuru, lakini mistari miwili haimtoshi mtu mwenye mtoto huko.

Kiroboto ameniandikia. Anasema yamebandikwa majina ya wanafunzi zaidi ya thelathini wanaotuhumiwa kuwafungia watu ndani ya jengo, na lake limo. Anasema siku hiyo alikuwa maktaba tangu asubuhi, akasikia kelele tu kama wengine. Mimi mwanangu namjua. Mdomo anao, ubishi anao, na huo kautoa kwako, lakini uongo hana.

Sasa nisikilize, maana hili sijawahi kukuomba. Lifute jina lake. Ni kuvuta mstari mmoja tu wa kalamu. Wala sikuombi upendeleo, nakuomba usahihishe kosa. Akifukuzwa chuo, maisha yake yote atakuwa yule aliyefukuzwa, na aliyemfukuza ni shangazi yake.

Wifi yako halali. Tujibu upesi.

Kaka yako

*

Ofisi ya Mkuu wa Chuo, 30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Kuhusu uliloandika, siwezi kulizungumza nawe kwa njia yoyote mpaka litakapokwisha. Hakuna jina litakalofutwa kwa kalamu yangu, wala litakaloongezwa. Wote watasikilizwa.

Mwambie mtoto aseme kweli, iwe ipi iwayo.

Salamu kwa wifi.

Mdogo wako

*

Stesheni, 8 Juni

Kwa Mkuu wa Chuo,

Barua yako imefika. Nilidhani nitaandikiwa na mdogo wangu, kumbe nimeandikiwa na ofisi. Kilichokosekana ni muhuri.

“Mwambie mtoto aseme kweli.” Una maana gani? Nimekwambia alikuwa maktaba. Ama neno langu nalo linahitaji shahidi?

Huko juu huenda hakuna wa kukukumbusha, basi nikukumbushe mimi. Baba alipotutoka, ilibidi mmoja wetu aache shule. Nilivaa kofia ya reli kabla sijaota ndevu, nikaenda kukaa peke yangu kwenye stesheni ambayo hata mbwa walikuwa wanaihama. Sikujuta hata siku moja na sijuti leo. Sikufanya hivyo ili nije nikudai. Lakini sikufanya hivyo pia ili siku moja nibishe hodi kwa ndugu yangu niambiwe nipange foleni.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Sisi limetufika janga, na wewe umehamisha sahani yako.

Shangazi ni baba. Ndivyo tulivyolelewa. Usiniandikie tena mpaka ukumbuke wewe ni nani.

Stesheni Masta

*

Nyumbani, 27 Juni

Wifi yangu,

Mimi si mtu wa kalamu, unanijua. Ukiona nimeandika, ujue maji yamezidi unga.

Kaka yako anakwenda kazini na kurudi. Akirudi anakaa anautazama ukuta kana kwamba treni itatokea humo. Juzi redio ilitangaza kwamba Mkuu wa Chuo amejiondoa kwenye shauri la wanafunzi, na kwamba kamati itaongozwa na mtu mwingine. Akaizima. Nikamwuliza, “Kujiondoa ndiyo kufanya nini?” Akasema, “Kutukimbia.” Nikasema labda kuna jambo hatulijui. Akaniambia ninyamaze. Wifi, miaka yote ya ndoa yetu hajapata kuniambia ninyamaze. Nilishangaa hata nikanyamaza kweli.

Sikuulizi mambo ya kesi, maana hata ukinieleza sitayaelewa. Nakuuliza ya mama. Mtoto anakula? Analala wapi? Wanasema wanafunzi wenye kesi hutupiwa magodoro nje. Nijibu mimi, usimjibu yeye, atairudisha barua kwa treni inayofuata.

Wifi yako

*

Ofisi ya Mkuu wa Chuo, 6 Julai

Wifi,

Anakula. Analala kwenye chumba chake kilekile na godoro lake lilelile. Walikuwapo waliotaka wote watolewe mabwenini jioni ileile. Nikasema mtu ambaye hajahukumiwa haondolewi kitandani. Hilo naweza kukwambia kwa kuwa nililisema hadharani.

Kumwona siruhusiwi, yaani sijiruhusu. Nikiwakuta ngazini nawasalimia wote kwa pamoja, macho yangu yakiwa juu ya vichwa vyao. Juzi alikuwa anakohoa. Nilikuwa na fulana nzito mkononi, wifi, nimeikunja mkononi kabisa. Nikapita. Nilipofika ofisini nilifunga mlango nikaketi kwanza.

Mwambie kaka hivi, hata kama atakuambia unyamaze: hakimu hakai kwenye kesi ya mwanawe. Nimejiondoa kwa sababu Kiroboto ni mwanangu. Angekuwa mtoto wa watu, ningebaki.

Kuna jingine ninalolijua ambalo sina ruhusa ya kulisema sasa. Litakapotoka, nyumba yenu itanichukia zaidi kabla haijanielewa. Nalisubiri na ninyi lisubirini. Sitarudi nyuma.

Wifi yako

*

Bweni la Wasichana, 2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Kaa kwanza ndipo usome.

Kamati imemaliza kazi. Iliongozwa na mwalimu mzee wa kitivo cha tiba ambaye hajapata kumjua yeyote kati yetu, na kila mmoja aliitwa peke yake. Ikaonekana kwamba mmoja wetu siku ile alikuwa wodini, ametoka kupasuliwa tumbo. Mwingine alikuwa kwao kwenye mazishi. Walinzi walikuwa wametaja majina ya kila mwenye mdomo chuoni, basi. Wengi wameachiwa huru.

Mimi sikuwa maktaba, Baba. Nilikudanganya, na nilipoona umeniamini nikashindwa kurudi nyuma. Mnyororo niliufunga mimi. Kufuli nilikwenda kulinunua mimi. Tulitaka wakubwa wakae ndani bila maji mchana mmoja tu, waonje. Hatukufikiri kwamba ndani hawamo wakubwa peke yao. Alikuwamo mpiga chapa wa ofisi ya Mkuu, mwenye pumu, na dawa yake alikuwa ameisahau kantini.

Na shangazi alikuwa ndani. Najua hakukwambia. Hakumwambia mtu yeyote zaidi ya kamati. Alitoa maelezo kama shahidi mwingine yeyote, yakasomwa mbele yangu. “Nilimwona kwa macho yangu, kupitia kioo cha mlango, mwanafunzi ambaye ni binti wa kaka yangu, akifunga kufuli.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijiambia, huyu ndiye anayenimaliza, damu yangu mwenyewe. Kisha mwenyekiti wa kamati akafungua ukurasa wa pili.

“Mpiga chapa alipobanwa na kifua nilimketisha sakafuni karibu na mlango nikagonga kioo. Mwanafunzi yuleyule alitazama. Wenzake walimpigia kelele asifungue, mmoja akamshika mkono. Alijinasua akafungua. Asingefungua, sidhani kama mama yule angefika hospitali.”

Baba, hakuna mwingine aliyelisema hilo. Wenzangu waliokuwa pale hawakukubali kwamba walikuwapo, na walinzi walikuwa wameapa kwamba mlango waliuvunja wao. Mimi mwenyewe nisingelisema, kwa sababu ili niseme nilifungua ningepaswa kwanza kukubali kwamba nilifunga. Hapo nikakubali. Yote.

Nimesimamishwa masomo mwaka mzima. Kisha naruhusiwa kurudi. Sikati rufaa.

Jambo la mwisho. Mjumbe mmoja wa kamati alituambia kwamba jioni ya tukio Baraza lilimletea shangazi barua tayari, ya kutufukuza wote, inasubiri sahihi tu. Akawaambia kalamu yake haina wino wa kazi hiyo.

Jana nilikwenda nyumbani kwa mpiga chapa kumwomba radhi. Alifungua. Akasema, “Ingia. Lakini mlango uache wazi.”

Nitafika kwa treni ya Jumamosi. Kama hutaki kunipokea, mwambie mama anipokee.

Binti yako

*

Stesheni, 14 Agosti

Wakili,

Nilimpokea mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu alfajiri, lakini aliposhuka na lile sanduku bovu, mdomo wangu ukanisaliti, nikamwuliza kama amekula. Maneno makali nilimpa baadaye, na yalikuwa mengi, wifi yako ni shahidi. Si kwa kufuli tu. Kwa maktaba.

Kisha nikajigeukia mimi. Nilikuandikia kwamba neno langu halihitaji shahidi. Kumbe lilihitaji, na shahidi alikuwa wewe. Yale niliyokuandikia mwezi wa sita siwezi kuyafuta. Nikuombe uyaweke mahali usipoyaona mara kwa mara.

Nilitaka kumpa Kiroboto kazi ya kukata tiketi mwaka huu wa adhabu. Akaniuliza, “Baba, nafasi imetangazwa?” Ikabidi niitangaze. Wakajitokeza waombaji wanne, akashindwa. Sasa analima bustani na mama yake na anatusomea sheria tukiwa tunakula. Umeniharibia nyumba.

Naomba unijibu moja. Kwa nini hukuniambia ulikuwa ndani? Neno hilo tu lingenitosha.

Na hizi habari kwamba wanataka kukung’oa ni kweli?

Kaka yako

*

Kitivo cha Sheria, 5 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Barua ya mwezi wa sita sikumbuki ilisemaje. Nadhani ilipotelea kwenye ile meza kubwa.

Ningekwambia kwamba nilikuwa ndani, ungemwambia mtoto. Si kwa ubaya, kwa kuwa wewe ni baba. Naye angeyapanga maneno yake yafuate yangu. Nilitaka aseme yake kabla hajajua yangu. Nilijua anaweza kunyamaza, na akinyamaza nitakuwa nimemtia kitanzi kwa mkono wangu. Wiki zile zilikuwa ndefu.

Umeona anwani hapo juu. Ni kweli, wameniondoa. Nikusimulie kilivyokuwa kikao, kwa sababu magazeti yamekiandika upande upande.

Mwenyekiti alisema, “Profesa, Baraza linakutaka uitangue hukumu ya kamati. Wafukuzwe wote.”

Nikasema, “Na yule aliyekuwa wodini?”

“Wote. Iwe fundisho.”

“Fundisho la nini, Mwenyekiti?”

Akatazama dirishani. “Watu wanasema umemwokoa mtoto wa kaka yako.”

“Nimemtolea ushahidi kwamba alifunga mlango. Umeyasoma maelezo yangu?”

Hakuwa ameyasoma. Akasema, “Basi tupishe kiti.”

“Mtaniandikia tuhuma zangu, mnipe nafasi ya kujibu?”

“Ya nini? Tumekwisha kubaliana.”

Wakanyoosha mikono, wachache wakatazama chini, nikawa nimeondolewa. Mpiga chapa wangu alilia. Alinibebea mkoba hadi getini, akaniita Mwalimu, kwa mara ya kwanza bila Mheshimiwa.

Wenzangu wananiambia nimshukuru Mungu, nirudi kwenye vitabu vyangu, chai yangu na usingizi wangu. Kiti chenyewe sikililii. Lakini nimesimama mbele ya vijana maisha yangu yote nikiwaambia kwamba mtu hahukumiwi kabla hajasikilizwa. Nikikubali kuondoka kimya kimya, kila niliyemfundisha atajua kwamba yalikuwa maneno ya mtihani tu. Kesho nafungua kesi. Nitajisimamia mwenyewe, kwa sababu mawakili wote ninaowaamini niliwafundisha, na sitaki kuwatia majaribuni.

Wanasema itachukua muda mrefu na nitashindwa. La kwanza nalikubali.

Mdogo wako

*

Mjini, 17 Machi

Mama Kiroboto,

Nimefika salama. Mwambie msaidizi wangu pale stesheni bendera ya kijani ni ya kuruhusu na nyekundu ni ya kuzuia, maana nilimwacha na uso wa mtu asiye na hakika.

Leo nimeingia mahakamani kwa mara ya kwanza maishani, na nimetoka na kichwa kinauma. Sikiliza. Tumeketi, mimi na binti yako, mstari wa nyuma. Anaingia jaji, kijana mtanashati, anamtazama mdogo wangu kwa heshima hata akasahau kuketi. Nikamgusa mtoto: “Tumeshinda.”

Mdogo wangu anasimama. Anasema, “Mheshimiwa Jaji, kabla hatujaanza. Ulikuwa mwanafunzi wangu. Nilisimamia utafiti wako. Haifai wewe usikilize kesi yangu.”

Mama Kiroboto, wakili wa Baraza alikuwa hajui! Alikuwa anatafuta miwani yake! Nilitaka kuruka benchi nimzibe mdomo, mtoto akanishika koti.

Jaji akatabasamu, akasema, “Profesa, ulinipa alama mbaya kuliko zote nilizowahi kupata.”

“Ulistahili,” akasema mdogo wangu. Watu wakacheka. “Lakini wanaosoma magazeti hawalijui hilo.”

Basi jaji akajitoa, na kesi akapewa mama mmoja ambaye makarani wanamwita Msumeno. Hapendi maprofesa. Nje, kwenye mapumziko, nilimwambia mdogo wangu, “Una wazimu wewe?” Akaniambia, “Kaka, nikishinda kwa jaji wangu, nitakuwa nimeshinda nini?” Akaendelea kula andazi lake.

Msumeno alimkereza mdogo wangu asubuhi yote iliyobaki. Kwa nini hukumwambia Mwenyekiti mapema, kwa nini hukufanya hivi, kwa nini vile. Yeye akajibu moja baada ya jingine. Mchana ikafika zamu ya wakili wa Baraza, Msumeno akamwuliza:

“Mlimsikiliza kabla ya kumwondoa?”

“Mheshimiwa, alikuwapo kikaoni.”

“Sikukuuliza kama alikuwapo. Hata viti vilikuwapo. Mlimsikiliza?”

Wakili akafungua karatasi zake, akazifunga, akazifungua tena. Sijawahi kuona mtu akitafuta kitu ambacho anajua hakimo.

Hukumu itatolewa siku nyingine. Nilikuwa niondoke kesho, lakini nitabaki. Nimeitumikia reli maisha yangu yote, reli haitakufa kwa wiki moja. Nilimwambia mdogo wangu nabaki kuisikia. Akanisogezea chai.

Mume wako

*

Ofisi ya Mkuu wa Chuo, 9 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Tangu tulipoachana pale mahakamani baada ya hukumu kunirudisha kazini, kila nikikaa kukuandikia naitwa. Kurudi kwenye ofisi uliyofukuzwa si kama sherehe ile uliyonifanyia pale nje ya mahakama. Wapo waliofurahi, wapo walionikuta mlangoni wakakumbuka kwamba wana haraka. Mwenyekiti alinipa mkono kwenye kikao cha kwanza, mkono wa baridi, lakini alinipa. Nikamwomba karani asome ajenda, na ya kwanza ilikuwa maji ya mabweni. Hakucheka. Mabomba yameanza kuchimbiwa. Njia kati ya mabweni imejaa tope, na wasichana wananilalamikia tope. Nimelipokea lalamiko.

Nimebakiwa na muda wangu niliopewa, nitaumaliza wote, sitaongeza hata siku. Baada ya hapo nitarudi kitivoni. Wakati huu nimeng’ang’ania kufundisha darasa moja kwa wiki, nisije nikasahau kazi yangu.

Kiroboto amerudi, kama unavyojua. Usichojua ni kwamba amechagua darasa langu. Nilimwita nikamwambia mitihani yake itasahihishwa na mwalimu mwingine. Akasema hilo alikuwa amekuja kulidai kwa maandishi.

Wiki iliyopita tulikuwa tunaichambua hukumu ya Msumeno. Imeshaingia kwenye vitabu, na mimi nimeingia nayo. Wanafunzi walikuwa wananisifu kwa zamu, nami, Kaka, nilikuwa nimeanza kunogewa. Mkono ukainuka nyuma.

“Mwalimu, naona Baraza lilikosea. Lakini na wewe ulikosea.”

Wote wakageuka. Nikamwuliza, “Wapi?”

“Ulijiondoa kwenye shauri letu. Sawa. Lakini kamati uliiteua wewe, halafu ukaipelekea ushahidi wako. Nani kati yao angethubutu kusema Mkuu wa Chuo hakuona vizuri? Ushahidi huo ulinisaidia mimi, ndiyo maana naweza kuusema.”

Kaka, nimefundisha sheria hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nimeipigania mahakamani kwa mdomo wangu mwenyewe, na jambo hilo halikuwahi kunipitia akilini. Nilihisi uso unanichoma. Mtu mmoja akakohoa. Yeye alikuwa amesimama wima, mikono imeshika ukingo wa dawati, hakai.

Nikamwambia aje mbele. Nikampisha ubaoni, nikaenda kuketi kwenye nafasi yake.

Alisema mpaka kengele ikalia, na ilipolia hakuna aliyeinuka. Alikosea mahali pawili. Penginepo pote alikuwa sahihi. Sikumkatiza.

Mdogo wako